Kusafisha meno Area D, Dodoma: ugaga umetoka, rangi ya Singida imebaki

Miaka 7 sijakanyaga kwa daktari wa meno. Mara ya mwisho niling'olewa gego, nikaapa. Safari hii ufizi ulikuwa unatoa damu kila nikipiga mswaki, ikabidi nipande bajaji kutoka Majengo hadi kliniki moja Area D.

Miadi saa tatu, nikaitwa saa nne na nusu, wala hakuna aliyesema samahani. Hapo nawakata nyota moja.

Ndani ni habari nyingine. Daktari, binti mdogo tu, alipita ufizi jino kwa jino na kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akipima kina cha upenyo kati ya jino na ufizi na kumsomea msaidizi wake: mbili, tatu, mbili... Nyuma ya meno ya chini akafika tano. "Baba, hadi tatu hatuna shida. Hapa ugaga umejishindilia chini ya ufizi." Ugaga ukishakuwa mgumu mswaki hauuwezi, ni mashine: ncha inayotetemeka huku ikirusha maji, mlio wake kama mbu aliyeingia sikioni. Sikuchomwa sindano. Palipouma ni pale pa tano tu. Kikafuata kibrashi cha kung'arisha, nikatema damu kidogo, basi. Dakika 40, shilingi 50,000.

Mimi ni mtoto wa Singida, meno yangu yana ukahawia wa maji yenye floraidi tangu utotoni. Huo umo ndani ya jino lenyewe, kusafisha hakuuondoi, na daktari alinieleza kabla sijalipa. Siku mbili za mwanzo maji baridi yalinishtua. Zabibu nilizonunua njiani waliishia kula watoto.