Duka la nyuzi la Langoni, Lamu: chukueni pamba

Wanaofuma hapa Lamu hawana haja tena ya kuagiza uzi Mombasa. Kuna duka dogo Langoni, ndani kidogo ukitoka Usita wa Mui, na mwenyewe ni bi mkubwa anayejua kufuma, kwa hiyo hakuuzii tu.

Uzi wa akriliki uacheni, kwa joto letu hauvaliki. Pamba ndiyo hazina ya duka hili. Nasikia kila mara kwamba kufuma ni kazi ya watu wa baridi na kondoo. Si kweli hata kidogo! Soksi za zamani kabisa tulizo nazo, zilizofumwa kwa sindano za kufumia, zimetoka Misri, na ni za pamba: nyeupe na buluu ya nili, za karne ya 11 hadi ya 14 hivi. Zimefumwa kwa mviringo, bila mshono. Kazi safi kiasi hicho si ya watu waliokuwa wakijifunza. Hispania nako, katika kaburi la Fernando de la Cerda, mwana wa mfalme aliyefariki 1275, ulikutwa mto wa hariri iliyofumwa, umeandikwa "baraka" kwa herufi za Kiarabu.

Basi nikachukua nyeupe na buluu, shilingi 180 kila donge. Nimefuma, nikafumua, nikafuma tena. Uzi haukuota manyoya. Buluu huchuja rangi, ifueni peke yake kwanza.

Bi mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, na za kidole gumba mbali, za kuvalia makubadhi, waweza?" Nikamwambia Misri walikuwa nazo za sufu nyekundu, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, ila zile zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, uzi wote ukivutwa kupita kila kitanzi. Ndiyo maana walitumia vipande vifupi, kimoja kikiisha waunga kingine. Hazifumuki kama zetu. Akanitolea sindano nene ya tundu papo hapo, hakunitoza.

Kasoro ni moja, na kwa mfuma soksi si ndogo: sindano nyembamba zenye ncha pande zote mbili hana. Zilizopo ni nene, zinafaa kofia za watoto. Ameahidi kuagiza. Nendeni asubuhi, adhuhuri hufunga, na nyeupe huisha mapema.