Kupima moyo na mapafu: kupanda Iten au kuvaa barakoa maabara?

Iten, mji wa nyanda za juu nchini Kenya, iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni hewani ni ileile asilimia 21. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Maabara iliyo pwani huiga hali hiyo kwa barakoa yenye hewa ya oksijeni asilimia 15 au 16, mtu akikimbia kwenye mashine.

Mlimani hewa ni ya bure, ila nauli, malazi na kubeba vifaa hula fedha. Maabara hudai mashine ya kuchanganya hewa. Kote kuwili vifaa vya kupimia hurekebishwa ili visome sawasawa kabla ya kila zoezi.

Kwa uhakika wa matokeo naipenda maabara: kiwango hakiyumbi, mpimwaji anaweza kufichwa anavuta hewa gani, na mapigo ya moyo yakienda mrama anavuliwa barakoa papo hapo. Mwenye ugonjwa wa moyo aanzie hapo, daktari akiwa pembeni. Lakini barakoa ya dakika chache haileti baridi, wala hewa nyepesi ya mlimani, wala yale mabadiliko ya upumuaji yanayokuja baada ya kulala huko siku kadhaa. Mkimbiaji atakayeshindana nyanda za juu apimwe hukohuko.