Kiofisi cha kupanga kozi na fildi pale Nyegezi, elfu 15 yangu ilivyotumika

Wadau habari zenu. Hili nimekaa nalo tangu mwezi wa tatu, nimeona niliandike sasa hivi kabla wadogo zetu wa mwaka wa kwanza na wa pili hawajaanza kubonyeza opsheni (kozi za kuchagua) kwenye sistimu ya chuo kwa kufuata marafiki, maana mimi nilibakiza kidogo sana nifanye hivyo hivyo.

Kuna kiofisi cha ushauri kipo Nyegezi hapa Mwanza, unapanda ngazi ya chuma pembeni ya steshenari, juu chumba kimoja, meza mbili na feni. Jina siliandiki kwa sababu nina lawama moja nao nitaisema huko chini na sipendi kumwanika mtu. Anayeshauri ni mama mtu mzima, kafanya kazi ya uhasibu miaka mingi mpaka akaacha mwenyewe, na kijana mmoja anamsaidia upande wa barua za fildi, yani mafunzo kwa vitendo ofisini. Kikao elfu 15. Najua kwa mwanafunzi ambaye boom lake (hela ya mkopo) limeshakata hiyo ni hela ya kula siku kadhaa, na mimi niliizungukia wiki mbili nzima kabla sijapanda ile ngazi.

Nasoma utawala wa biashara, miaka 3, na mwaka wa mwisho unatakiwa uwe umechagua mchepuo wako, uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu au manunuzi. Nilikuwa nimeshaamua masoko. Sababu yangu ukiniuliza ni kwamba room yetu nzima tulikuwa tunaenda masoko na tulikuwa tunaambiana haina hesabu. GPA yangu 3.3, Apa (daraja la pili la juu) inaanzia 3.5, kwa hiyo nilikuwa natafuta njia nyepesi ya kupandisha, basi.

Yule mama hakunigusia masoko kabisa mwanzoni. Alisema "shikamoo nimeipokea mwanangu, toa matokeo," nikamwonyesha kwenye simu akakataa, nikashuka chini nikaprinti kwa sh 200 nikapanda tena. Akatandika karatasi ya manila mezani, akachora safu 6 za semesta kwa penseli, halafu akaanza kuandika kutokea mwisho. Fildi ya mwaka wa pili kwanza. Akauliza, hizo wiki 8 unataka ukae karibu na meza ya nani? Nikakaa kimya muda mrefu kweli, maana sikuwahi kuifikiria fildi hivyo, mimi nilijua fildi ni kupata sehemu yoyote wakugongee muhuri kwenye logibuku supavaiza akija akukute umevaa shati.

Kutoka hapo akawa anarudi nyuma. Kama unataka ukae kwa mtu wa kodi basi somo la kodi uwe umeshaligusa kabla ya Julai, na kodi chuoni kwetu haifunguki bila uhasibu wa pili, na wa pili haufunguki bila wa kwanza, akavuta mshale mwekundu kutoka somo hadi somo mpaka ukafika semesta ya kwanza kabisa ambako mimi nina C ya kuponea. Ile picha ndo iliyonifungua macho. Sisi huwa tunasema "nitakari tu, ni kozi moja," yani nikifeli nitairudia mbele, kumbe ukikari ile ya kwanza umefunga mstari wote, na kozi nyingi zinafundishwa semesta moja tu kwa mwaka kwa hiyo hausubiri miezi minne, unasubiri mwaka mzima na fildi inapita hauna cha kwenda kufanya huko.

Kuna hesabu nyingine alinifanyia sijawahi kufanyiwa darasani. Kwa utaratibu wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, digrii ya miaka 3 ni krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni masaa 10 ya kusoma ukijumlisha kila kitu, lekcha, kujisomea, asaimenti mpaka UE, mtihani wa mwisho wa semesta. Yani mwaka mmoja masaa 1200. Akagawa kwa wiki 34 ikaja kama masaa 35 kwa wiki. Halafu akauliza kile kibanda cha kaka yako Mkolani unakaa saa ngapi hadi saa ngapi, maana nilikuwa nimemwambia namsaidia kaka kutoa na kuweka pesa jioni. Tukaandika pembeni. Ikaonekana kabisa kuna semesta moja nimejipangia kozi tatu zenye kazi za makundi, na makundi wanakutana jioni muda ambao mimi nipo kibandani. Koziweki (alama za kazi za ndani ya semesta) kwetu ni 40 na UE 60, sasa kama hizo 40 unazipoteza kwa kukosa kundi unaingia UE umeshachoka. Akahamisha opsheni moja ikaenda semesta ya mbele, ikaisha. Hilo peke yake kwangu lilirudisha elfu 15.

Mambo ya bodi za taaluma naomba muyasikilize vizuri kwa sababu walimu wanayapitia juu juu. Ukitaka CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA ambayo ni bodi ya wahasibu, mwenye digrii ya uhasibu anaanzia ngazi ya Intamidieti, mwenye digrii ya kitu kingine anaanzia chini yake, Faundesheni, kwa hiyo mtu wa utawala wa biashara asijifariji tu kwamba mchepuo wake unaitwa uhasibu, awaulize NBAA wenyewe mapema digrii yake wanaipokeaje akiwa bado ana nafasi ya kubadili. Na manunuzi nayo ina bodi yake, PSPTB, huwezi kuifanya hiyo kazi kihalali bila kusajiliwa huko. Mama aliniandikia hayo yote nyuma ya manila.

Sasa fildi. Ushauri wake wa tarehe ni dhahabu jamani. Alisema ukienda ofisi inayofanya mahesabu ya watu, ripoti tarehe 1 Julai usisubiri katikati ya mwezi, kwa sababu tarehe 7 wanapeleka PAYE (kodi ya mishahara) na tarehe 20 wanapeleka ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ukianza mapema wiki zako 8 zinabeba mizunguko miwili, wa kwanza unaangalia wa pili unafanya kwa mkono wako. Nilifanya hivyo. Agosti tarehe 18 nilikuwa nimekaa na boksi la risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) za duka moja la vifaa vya ujenzi, nazipanga kwa tarehe, zingine wino umefutika kabisa unaisoma kwa kuielekezea dirishani, na ile asilimia 18 ya VAT ambayo darasani ilikuwa namba tu ubaoni hapa ikikosewa kuna mtu anapigwa faini. Mwenzangu aliyeanza Julai 15 alipata mzunguko mmoja na nusu, akaishia kutoa kopi.

Na kingine nilichojifunza kwake ni kutumia vitu vya hapa hapa Mwanza kwenye koziweki. Tulipewa asaimenti ya makisio ya mtiririko wa fedha, wenzangu wakachukua kampuni za kwenye intaneti. Mama akaniambia nenda Mwaloni Kirumba ukaongee na wauza dagaa. Nikaenda asubuhi na mapema, kuna mama mmoja ana magunia yake pale akanikubalia kuangalia daftari. Daftari halifuati mwezi wa kalenda! Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, kwa hiyo hela yake inaingia kwa wingi halafu kuna siku kama kumi hivi hakuna kitu na vibarua bado wanadai. Nikayapanga makisio kwa kufuata mwezi wa angani badala ya Januari Februari. Nilipata 17 kwa 20, na mwalimu akanisimamisha darasani nieleze.

Lawama yangu ni upande wa yule kijana wa barua. Anachukua elfu 10 nyingine anasema atakutafutia nafasi kwenye kampuni kubwa, mimi nililipa mwezi wa nne, hadi Juni kila nikipiga simu "kaka subiri wiki hii wanajibu." Nikaja kugundua nafasi zilishajaa muda mrefu. Hela yote hakunirudishia, alinirudishia elfu 5 tu baada ya mama kuingilia kati. Ile ofisi ya mahesabu nilipofanyia fildi niliipata mwenyewe kwa kutembea na bahasha mjini kuanzia Pamba Road hadi Kirumba, ofisi 11, siku mbili, miguu inawaka. Kwa hiyo kikao cha mama nakipa 5 kwa 5, huduma ya barua naipa 1, na sitaki mtu aniambie nichanganye zipatikane 3, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mchepuo nilienda fedha mwishowe, sio uhasibu wala masoko, na mama alikubali tu, akasema ndo maana manila tuliichora kwa penseli, inafutika.

Wanafungua saa 4 asubuhi, Jumamosi mwisho saa 7 mchana. Nenda na matokeo yote yameprintiwa, ya semesta uliyofeli pia usiyaache geto, na uende kabla ya Oktoba, maana vyuo vikifunguliwa foleni inashuka mpaka chini steshenari na kikao cha saa moja na nusu kinakuwa cha dakika 20 kwa bei ile ile.