Uzoefu wangu wa kutafuta vitabu vya kumjua John Adams

Nilianza kumsoma John Adams, rais wa pili wa Marekani, kwa sababu moja tu: nilitaka kumwelewa wakili ambaye mwaka 1770 alikubali kuwatetea askari wa Uingereza waliowapiga risasi raia mjini Boston, ilhali yeye mwenyewe aliipinga serikali iliyowaleta askari hao, na akawatetea hata asinyongwe hata mmoja.

Kitabu cha kwanza kilikuwa wasifu ulioandikwa na David McCullough mwaka 2001, ambao ulipata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Una kurasa zaidi ya 600, lakini niliumaliza kwa wiki tatu, kwa kuwa mwandishi huyu ni msimulizi hodari. Sura ya mwaka 1778, Adams anapovuka Atlantiki katika majira ya baridi akiwa na mwanawe wa miaka kumi, niliisoma mara mbili. Kasoro yake ni kwamba anampenda mno Adams. Sheria ya Uchochezi ya mwaka 1798, ambayo Adams aliitia saini na ambayo iliwapeleka wahariri wa magazeti gerezani, ilistahili kuchambuliwa kwa kina zaidi kuliko alivyofanya.

Ndipo nikatafuta barua zake, na hapo nilipoteza fedha. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alitangaza mkusanyiko kamili wa barua za Adams na mkewe Abigail, kumbe nilicholetewa kilikuwa chapa mpya ya toleo la mwaka 1876, lenye herufi zilizofifia na lisilo na faharasa. Toleo hilo lilihaririwa na mjukuu wao, Charles Francis Adams, ambaye alisahihisha tahajia na kuondoa mambo aliyoyaona kuwa ya faragha. Kwa hiyo nawasihi wasomaji waangalie jina la mhariri na mwaka wa toleo la awali kabla ya kulipa. Uteuzi wa barua hizo uliotolewa na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2007 ni wa kuaminika, na maandishi yake hayachoshi macho.

Hata hivyo, hazina kubwa kuliko zote niliipata bila malipo katika tovuti ya Founders Online, inayosimamiwa kupitia Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, ambamo unaweza kutafuta barua kwa mwandishi, mpokeaji au tarehe. Humo nilisoma barua ya Abigail ya Julai 1777, aliyoiandika akiwa na uchungu wa kuzaa huku mumewe akiwa Philadelphia. Katikati ya barua anasema inambidi aweke kalamu chini ili astahimili maumivu, kisha anaendelea kuandika pale pale alipoachia. Mtoto alizaliwa akiwa amekufa. Baada ya kuisoma barua ile, niliirudia sura ya wasifu inayohusu kipindi hicho nikaiona kwa macho mapya, na tangu hapo sisomi sura yoyote bila kufungua barua za miezi hiyo hiyo.

Sasa nasoma mawasiliano ya Adams na Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, katika toleo la Lester Cappon la mwaka 1959. Nimefika mwaka 1812, wazee hawa wawili wanapoanza tena kuandikiana baada ya miaka mingi ya kununiana, na ninasoma barua mbili kwa usiku ili kitabu kisiishe upesi.