Diski ya breki ya bolti sita au Center Lock kwa baiskeli ya umeme ya milimani?
Ukitaka kubadilisha magurudumu, angalia habu (kitovu cha gurudumu) kwanza. Ya bolti sita hushika diski kwa bolti za M5 zinazokazwa kwa ufunguo wa nyota T25. Ukikaza kupita kiasi, hesi za habu zinalika. Center Lock ya Shimano ina meno na ringi moja ya kufungia, inayokazwa kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 40 hivi. Kwa wepesi wa kufunga na kufungua, hii ya pili inashinda.

Ila mimi ningeichagua kwa sababu nyingine: ukiwa na adapta, inapokea hata diski ya bolti sita. Kinyume chake usitegemee.

Mtego wa baiskeli ya umeme ni sumaku ya kihisi cha mwendo. Kwenye baadhi ya modeli imefungwa kwenye diski yenyewe au ringi yake. Weka diski ya kawaida, mota inakosa taarifa ya kasi na kuanza kukugomea, hata breki zikiwa safi kabisa.

Kipenyo cha diski nacho: mm 200 si 203. Ukitoka 200 kwenda 203, kalipa (kishikio cha pedi za breki) itahitaji kuinuliwa kwa washa za mm 1.5, la sivyo pedi hazikai sawasawa kwenye diski.