Ta'ovala: mkeka wa kuvaa kiunoni, baada ya miezi 23 ya kuutumia

Nianze na bei, maana ndiyo mtu hutafuta kwanza. Wa kwanza, wa nyuzi za plastiki, niliununua pa'anga 35. Wa pili, wa majani halisi, pa'anga 90 pamoja na kamba yake. Wa tatu nilipewa. Pa'anga ndiyo pesa ya Tonga, na wakati wangu moja ilikuwa haifiki nusu dola ya Marekani. Wa plastiki nyota moja kati ya tano. Wa majani nyota nne. Wa tatu nitaufikia.

Mimi ni mtoto wa Fizi, mashariki mwa Kongo, niliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania. Salt Lake City tulifika mwaka 2015, nikiwa na miaka 12, na huko ndiko tulikobatizwa katika kanisa la Wamormoni. Barua ya wito wa misheni, ile ya kanisa inayokupangia nchi ya kwenda kuhubiri, ilipokuja niliisoma sebuleni mbele ya tawi zima, ndugu zetu wa Kiswahili, na mama akasikia Togo. Akashangilia sana. Akasema Togo kuna mihogo, hutakufa njaa. Nikamwambia si Togo, ni Tonga, iko katikati ya Pasifiki. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Na mihogo?"

Mihogo ipo.

Sasa bidhaa yenyewe. Tonga mwanamume akitaka kuonekana na heshima havai suruali. Anavaa tupenu, ambayo kwa mtu wa pwani ningesema ni kikoi kilichoshonwa na kutiwa mifuko, shati jeupe, tai, na juu ya vyote hivyo anajizungushia mkeka na kuukaza kwa kamba. Mkeka ndio ta'ovala. Kamba inaitwa kafa, nyingi ni za usumba wa nazi zilizosukwa. Wamisionari wa kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni, wanajulikana kwa suruali nyeusi na baiskeli. Tonga beji nyeusi ya jina iko palepale kifuani, ila chini ni tupenu na mkeka. Kiswahili cha kanisa kinatuita "Mzee" hata ukiwa na miaka 19 na ndevu tatu. Kitonga kinasema 'Eletā. Nilizoea vyote viwili.

Mkeka sikuuzoea haraka. Kwetu mkeka ni wa kulalia. Nyarugusu tulilala watoto watano kwenye mikeka miwili, na kitu cha kwanza nilichojivunia Marekani kilikuwa kitanda. Halafu unanipeleka upande wa pili wa dunia unaniambia nivae mkeka, tena mchana, tena niende nao kanisani! Niliona aibu ambayo sikuweza kumweleza mwenzangu wa misheni. Yeye ni kijana wa Idaho, kwake mkeka ni kitu cha kufanyia mazoezi.

Kwa hiyo nilinunua wa bei ndogo, ndivyo ulivyoingia ule wa plastiki. Muuzaji, simtaji, alinihakikishia kwamba hauozi, haunyauki na hauliwi na wadudu. Yote kweli. Hata wadudu hawautaki. Jumapili ya kwanza nilikaa saa mbili kanisani na jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Ukitembea unalia chakarachaka kama mfuko wa dukani. Ukikaa unapanda hadi chini ya kwapa, ukisimama unabaki hukohuko. Babu mmoja aliugusa kwa vidole viwili, akatabasamu, akasema "sai pē", yaani safi tu. Baadaye niliijua lugha vizuri zaidi nikaelewa alivyokuwa mpole.

Wa pili niliupata soko la Talamahu, mji mkuu Nuku'alofa, kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa kati ya rundo la viazi vikuu na rundo la mikeka. Huo ni wa majani ya mti ambao ni ndugu wa mkadi wetu, ule ambao maua yake akina mama wa pwani hutia kwenye kikuba. Alinipima kwa macho, akaukunja mara moja juu ili usinikate mbavu, akanifunga kafa mwenyewe kama anayemvalisha mtoto wa shule. Ulikuwa na harufu ya nyumba ya bibi yangu. Sikutegemea. Nilisimama pale sokoni nikijifanya nahesabu chenji.

Majani yake nilikuja kuyaona yakitengenezwa nilipohamishiwa Ha'apai. Ni safu ya visiwa vidogo bapa kaskazini mwa Tongatapu, kisiwa kikuu. Unalala kwenye feri, unashuka Pangai, halafu kwa upande wangu ikawa mashua tena hadi kisiwa cha 'Uiha. Vijiji viwili, nguruwe wengi kuliko watu, maji ya kunywa ni ya mvua iliyokingwa kwenye matangi. Upande wa magharibi siku ya anga safi unaona Kao, mlima wa volkano ulioinuka wenyewe kutoka baharini kama kichuguu. Ufukweni maji yakitoka unakuta mafungu ya majani yamefungwa na kukandamizwa kwa mawe: yanalowa baharini siku kadhaa mpaka yawe meupe, kisha yanaanikwa. Kusuka ni kazi ya akina mama, wamekaa pamoja kwenye ukumbi, kila mmoja na upande wake, na umbea ndani yake. Nikimwona mtu analalamikia pa'anga 90 namshauri aende akae pale asubuhi moja.

Basi, matumizi. Ratiba yetu ilikuwa ileile ya wamisionari kila mahali: kuamka saa kumi na mbili na nusu, mazoezi, kusoma maandiko peke yako, kusoma na mwenzako, kutoka. 'Uiha hukuhitaji saa ya kukuamsha, kanisa la Wesley, yaani Wamethodisti, lilikuwa linapiga gogo lao la kuita watu alfajiri na jogoo wanamalizia. Nilisoma Kitabu cha Mormoni cha Kitonga na cha Kiswahili vimewekwa sambamba, kidole huku na kidole kule. Maneno yananichekesha bado: kwa Kitonga "mate" ni kufa na "sio" ni kutazama. Mchana niliomba kwa Kitonga. Usiku taa ikizimwa niliomba Kiswahili, kimyakimya, maana kuna mambo ambayo Mungu alikuwa amezoea kuyasikia kwangu kwa lugha hiyo.

Kwenye mashua mkeka unavuliwa. Usijifanye shujaa. Chumvi inaukausha, unaanza kukatika kwenye mikunjo, na mwezi wa nane nyangumi wakitoa migongo karibu na mashua utasimama bila kufikiri na wimbi litakumaliza. Kwenye mvua unakunjwa unatiwa kwenye mfuko wa plastiki na wewe unaloa. Ukilowa anika kivulini, jua kali linaupindisha. Baiskeli, hapana kabisa, labda uwe na mwenzako wa kusukuma na mkasi wa kukata tupenu iliyomezwa na mnyororo.

Kukaa chini ni hadithi nyingine. Wenyeji wanakunja miguu saa tatu na mkeka umetulia. Mimi baada ya dakika kumi ncha ya mkeka inanichoma ubavuni na miguu imekufa. Siri nilifundishwa na mtoto wa miaka minane: funga chini kidogo ya kiuno, si kiunoni, na ukunjo uwe nje.

Kasoro kubwa ya kafa ni fundo. Kwetu sala za sakramenti, ya mkate na ya maji, hazibadilishwi hata neno, ukikosea unarudia. Jumapili moja nilipiga magoti kubariki mkate kwa Kitonga, nikasikia kafa inalegea nyuma. Nikapeleka mkono, nikaruka neno. Rais wa tawi, yaani kiongozi wa kusanyiko letu, akanitazama. Nikarudia, mkeka ukateremka, nikaruka neno lingine. Mara ya tatu niliuacha uanguke. Sala ikatoka sawa, kila neno, na mimi nimepiga magoti katikati ya mkeka wangu kama bibi anayechambua mchele. Hakuna aliyecheka mpaka nje. Nje walicheka wiki mbili.

Jumapili yenyewe Tonga ni kitu kingine. Katiba yao imeandika kwamba siku hiyo ni takatifu, kwa hiyo duka limefungwa, mpira hakuna, hata shambani haendi mtu. Kinachobaki ni nyimbo na 'umu, tanuri la ardhini lenye mawe ya moto. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi sisi tunafunga. Hebu fikiria: tangu jana hujatia kitu mdomoni, unatoka kanisani na mkeka umekaza tumbo tupu, unapita mbele ya nyumba za Wawesley ambao hawafungi, na harufu ya lū, majani ya magimbi yenye tui la nazi na nyama ya kopo, inakufuata. Kila mlango mtu anaita "Ha'u 'o kai!", njoo ule. Hiyo ni karibu yao. Wanaita hata kama chungu hakitoshi, sawasawa na kwetu. Mkeka wa majani nimeukata nyota moja tu, na niliukata siku hizo.

(Majani ya muhogo pale kisiwani sikuona mtu anayeyala. Niliwatwangia sombe nikaipika kwa tui, kwa kukosa ndagala, yaani dagaa, nikatia samaki wa kukausha. Bibi wa jirani akasema hicho ni chakula cha nguruwe, akala, akaomba tena.)

Watu wa kufundisha walikuwa wachache, niseme ukweli. Tonga kwenye sensa karibu mtu mmoja kati ya watano ni wa kanisa letu, wamisionari walifika huko tangu 1891, na kisiwani kwetu asiye Mmormoni ni binamu wa Mmormoni na ana kanisa lake analolipenda. Wengi walidhani natoka Fiji. Kuna wiki tulizomaliza hatujafungua somo hata moja: tumechimba viazi vikuu, tumebeba maji, tumekaa na wagonjwa. Jumatatu saa mbili asubuhi, mtandao ukikubali, nilimpigia mama, kwake ilikuwa bado Jumapili mchana. Ananiuliza umebatiza wangapi wiki hii. Namwambia mama, nimemenya viazi.

Yule bibi wa jirani, aliyekula sombe, hakuwa wa kanisa letu na hakuwa na mpango wa kujiunga. Kila siku aliniita nije nile. Alifariki usiku, mwaka wangu wa pili. Jioni yake tulikwenda kwenye mkesha wa nyimbo, na mimi nilichagua kwa makini: shati limepigwa pasi, tupenu nyeusi, ta'ovala yangu ya pa'anga 90 nimeipangusa. Nikafika mlangoni. Binti wa marehemu akaniangalia kiunoni, akaingia ndani bila kusema neno. Akarudi na mkeka mkubwa, mzee, umechanika pembeni kama umeliwa na mbuzi. Akanifungua kafa, akavua wangu akauweka kando, akanifunga ule. Ulinifika kifuani.

Nilijua nimekosea jambo. Nilijua nimefukuzwa, ila kwa adabu. Rais wa tawi ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Msibani mkeka mzuri ni wa wale ambao cheo chao katika ukoo kiko juu ya marehemu. Walio chini yake, wanawe na wote wanaohesabiwa pamoja nao, huvaa mikubwa na iliyochakaa, na hawakai sebuleni na wageni. Wanakaa nyuma, kwenye moto, wanapika.

"Wewe amekuweka nyuma," akasema.

Nikaenda nyuma. Nilimenya viazi vikuu na mihogo mpaka gogo la alfajiri, moshi machoni, mkeka unakatika vipande kila nikiinama. Ndani waliimba usiku kucha na sikuingia hata mara moja. Waliniachia mkeka ule. Nilipoondoka kisiwani mwaka 2024 nilitaka kuurudisha, yule binti akakataa kuupokea.

Kwa hiyo ushauri kwa wanaouliza, hasa vijana wa tawi letu wanaosubiri barua. Usinunue kabla ya kufika. Nunua sokoni, kwa aliyeusuka au anayemjua aliyeusuka, na umwache akufunge mwenyewe. Uwe wa kukunja mara moja, si mbili. Usiuviringishe ukiwa na unyevu, utaota ukungu. Uwanja wa ndege wa Marekani tamka kwamba umebeba kitu cha majani. Wangu walioukagua waliufungua wote, mabaki yakamwagika mezani, ofisa akaniuliza huu nao unautaka kweli?

Mama alinifungulia sanduku siku ya kwanza. Wa pa'anga 90 aliutazama akaurudisha. Ule uliochakaa aliunusa, akautandika sebuleni, akavua viatu na kukaa juu yake na sinia la maharage. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba huo si wa kukalia. Akanisogezea nusu ya maharage.

Wa plastiki bado ninao, mzima kabisa, haujapungua hata uzi. Anayeuhitaji aje auchukue, bure.