GParted: C imejaa, D iko tupu, tunafanyaje?

Wadau, habari zenu, karibuni tena. Leo niko Kirumba, Mwanza, na laptopu hii si yangu, ni ya mama mdogo anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Hesabu za magunia yake zote zimo humu. Tazameni: C, sehemu ya diski yenye Windows, ina mstari mwekundu, imebaki GB 3. D, sehemu ya pili ya diski hiyo hiyo, karibu yote tupu. Diski ni ya GB 500, Windows inaisoma 465, na aliyeigawa akaipa C 100 tu.

Nilianza na Disk Management, chombo cha kugawa diski cha Windows yenyewe. Nikapunguza D, nafasi ikapatikana. Kurudi C, sehemu ya kuongeza imefifia, haibonyezeki. Windows inakata D mkiani, na C inataka nafasi inayogusana nayo. Ni sawa na jirani kukuuzia kipande cha kiwanja kilicho upande wa pili wa nyumba yake.

Hapo ndipo GParted, programu ya kugawa diski, inapoingia, maana yenyewe inaweza kuikata D kichwani. Ni ya bure, unaiwasha kwa flashi. Ila Windows iwe imezimwa kweli: shikilia Shift unapobonyeza kuzima, la sivyo inabaki nusu macho na GParted itagoma kuigusa. Kama una BitLocker, yaani kufuli la Windows linalosimba diski, iondoe kwanza ndani ya Windows na usubiri imalize.

Ninachokipenda: unavuta ukingo wa kushoto wa D kwenda kulia, kisha unavuta ukingo wa kulia wa C uufuate, na bado hakuna kilichoguswa. Vyote vinapanga foleni mpaka ubonyeze alama ya vema. Umekosea? Futa foleni.

Ukishabonyeza, sasa omba Mungu umeme usikatike. Kusogeza mwanzo wa patisheni, yaani sehemu ya diski kama hii D, ni kuibeba yote kwenda mahali pengine, hata sehemu tupu. Ikizimika katikati, D imekwenda. Betri ya hii laptopu haifiki nusu saa, kwa hiyo nimechomeka kwenye inveta ya saluni ya jirani, na hesabu nilishazinakili kwenye diski ya nje. Nikazifungua kutoka huko huko nione kama zinasomeka, maana nakala usiyoifungua usiiite nakala.

Ilichukua saa nne na ushee. Nasema ukweli: kwa D yenye vitu vichache hivi, ilikuwa rahisi zaidi kuhamisha faili, kuifuta D, kupanua C kwa Windows, kisha kuiunda D upya. Dakika chache tu. GParted itunze kwa D iliyosheheni, ambayo huna pa kuhamishia vitu vyake vyote. Hapo naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa kuninyima usingizi.

Mama mdogo amekuja asubuhi, nikamwonyesha C ina GB 200. Hata hakuangalia. "Hesabu za Jumamosi zipo?" Zipo, mama.